Karanga Zilizoungua

Mwenzangu wa bweni aliunguza karanga wiki iliyopita. Alizibandika kwenye jiko la umeme, akaingia kwenye simu, na simu mnaijua, ukiingia hutoki. Harufu ilipofika kitandani kwangu nilikaa kitako ghafla, na neno la kwanza kunitoka halikuwa "zima jiko". Nilisema, "Naisikia." Akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia alale zake.

Siku mbili baadaye Shangazi akapiga simu kutoka Tabora. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza shikamoo. "Mama Ndahani katutoka. Mazishi Alhamisi. Mtani ni wewe, mimi magoti yamekataa." Akakata. Shangazi akiwa na uchungu huwa anaongea kama anayelipia kila neno.

Nimekwenda, nimerudi, na tangu nirudi sijatulia. Nafua nguo zilizo safi. Nafungua daftari la mihadhara, nalifunga. Basi nimeona bora niandike, na nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliokuwa darasa la tano au la sita shule zilipofungwa. Wakubwa wana yao ya kukumbuka. Sisi tuna yetu, na yangu ni hii: nilimsingizia mtu mbele ya mtaa mzima, yeye akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikonilinda.

Mnakumbuka tangazo lilivyotoka. Darasa letu tulishangilia kama wajinga. Tulidhani ni likizo. Kumbe nyumbani Dar watu wazima walikuwa wameshaanza kubishana, na hawakuacha. Baba alitaka kila kitu kifungwe, watu wakae ndani. Mama akamuuliza tutakula milango? Jirani yetu alisema ni mambo ya wazungu, akavaa barakoa kidevuni ili asipitwe na upande wowote. Kwenye redio walitusomea idadi ya wagonjwa, halafu siku moja hawakusoma tena, na Baba akawa anakaa karibu na redio hivyo hivyo, anasubiri. Mimi nilichukia ile ndoo yenye koki pale mlangoni. Nilinawa mpaka vidole vikachubuka na bado hakuna aliyeniambia tunaogopa nini hasa.

Mwishowe Mama akaamua niende kwa Babu, Tabora, mtaa wa Chemchem. "Kule haujafika," alisema. Alisema kwa uhakika, sijui aliutoa wapi. Basi lilijaa mpaka kwenye korido. Mwanamume aliyekaa nami kiti kimoja alikohoa kutoka Morogoro hadi Dodoma, akaniomba radhi mara nyingi, akanipa na pipi. Niliila.

Shangazi, dada yake Baba aliyekuwa akikaa na kumtunza Babu, alinipokea stendi. Njiani akanielekeza maneno. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ametangaza kwamba anayetoka Dar aripoti ofisini, akae ndani siku kumi na nne, na kulikuwa na uvumi kwamba wengine wanafungiwa kwenye madarasa ya shule, peke yao, chakula wanapitishiwa dirishani. "Ukiulizwa, umetoka Nzega," Shangazi alisema. Nikamuuliza Nzega ni wapi. Akacheka. "Huko huko ulikotoka."

Babu alikuwa mtu mwembamba, mwenye kifua kibovu cha miaka mingi, na kicheko kilichozidi kifua chenyewe. Asubuhi alikaa kwenye benchi nje, kando ya ua wa minyaa, na bakuli la michembe mapajani, viazi vile vya kukausha vinavyochemshwa na kuliwa kwa karanga. Tulikula bakuli moja. Uji alikunywa nusu kikombe, nusu akaniachia mimi, na huo ndio uliokuwa mtamu kuliko wote.

Upande wa pili wa minyaa alikaa Mama Ndahani. Mgogo wa Dodoma, mjane, aliyehamia Tabora zamani akiwa bibi harusi, muuza karanga na mlenda mkavu soko la Kanyenye. Kila asubuhi, akienda sokoni na beseni lake kichwani, alisimama mbele ya Babu.

"Mwangaluka, maiti."

"Mwangaluka, mchawi," Babu alimjibu salamu.

"Bado tu unatumalizia hewa? Mimi mchele wa matanga yako nimeshauloweka."

"Utaula kwa macho. Babu zako waliwatoza babu zangu hongo njia nzima hii, mpaka maji ya kunywa. Leo unataka na ubwabwa?"

"Wangefanyaje? Wapagazi wenyewe wanabeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani, akili wameziacha kwao Kwihara."

Hapo Babu alikuwa ameshika kifua kwa kicheko, na Mama Ndahani anaondoka zake kwa madaha.

Nyinyi mliokulia huko mnacheka. Mnajua utani ni nini, mnajua Mnyamwezi na Mgogo wanatukanana tangu enzi za misafara na kwamba anayekutukana hivyo ndiye atakayekuosha siku ukifa. Mimi nilikulia nyumba ya kupanga Dar, ambako mtu akikuita maiti mnaitana polisi. Hakuna aliyenieleza, kwa sababu kwa wenyewe halikuwa jambo la kueleza. Nilimwona mwanamke anayekuja kila siku kumtakia babu yangu kifo, na Babu ni mpole mno, hawezi kumfukuza. Nikaanza kumchukia, tena kwa bidii.

Asubuhi moja alimmiminia karanga mkononi. "Kula, Mnyamwezi. Leo nimekuwekea korona humo ndani. Ufe Ijumaa, tukuzike Jumamosi, Jumapili mimi nina kanisa." Babu akatia zote mdomoni kwa pamoja. Nililihifadhi neno lile kichwani.

Siku zile zile kichwa kilikuwa kizito na pua imeziba. Sikusema. Mtoto akisema anaumwa ananyimwa kucheza, hilo kila mtoto analijua. Mchana mmoja nilikuwa nimechungulia kwenye minyaa, Mama Ndahani akaniona, akaniita. Alikuwa anakaanga karanga kwenye kikaango kikubwa, moshi unapanda. Akanipa konzi moja.

"Zikoje?"

"Tamu."

Akaniangalia. "Husikii kitu?"

"Kitu gani?"

Nilitazama kikaangoni. Karanga zilikuwa nyeusi tii. Moshi niliuona, nilidhani ni wa kuni. Nilichokuwa natafuna mdomoni kilikuwa kama mchanga, lakini hata michembe siku hizo ilikuwa kama mchanga, nikajua ndivyo vyakula vya Tabora. Mama Ndahani akarudi hatua moja nyuma, akavuta khanga mpaka puani.

"Wewe mtoto umetoka wapi?"

"Nzega."

"Haya, mwana wa Nzega." Sauti yake haikuwa ya mzaha hata chembe. "Nenda ukalale chumba cha peke yako. Unywe maji. Na usile na babu yako bakuli moja, umenielewa? Mwambie shangazi yako nimesema."

Sikumwambia mtu. Nilielewa vizuri, nilidhani. Huyu mwanamke ana kijicho, anataka kunitenga na babu yangu ili abaki naye yeye na matusi yake. Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwenye benchi, nikakaa ubavuni kwa Babu, nikatia mkono kwenye bakuli lake. Nilikaa kwa namna ambayo Mama Ndahani angeniona vizuri kupitia minyaa. Nilimwonyesha.

Babu akaanza kukohoa. Shangazi akachemsha sufuria la majani ya mkaratusi, mlimao na mwarobaini, akamfunika blanketi, nami nikajipenyeza humo humo kumshika mkono. Watu waliopita njiani walisema harufu ile inatoboa kichwa. Mimi nilihisi joto tu. Shangazi akawa anazunguka uani, anakwenda mlangoni, anarudi. Kumpeleka hospitali aliogopa, kwa kuwa walisema anayeingia hatoki. Kumweka nyumbani aliogopa pia. Na wakimjia kumuuliza nani kaingia nyumba hii karibuni, angejibu nini?

Jumamosi mwenyekiti akaitisha mkutano mbele ya ofisi ya mtaa. Walikuwa wamechora duara za majivu chini, kila mtu asimame kwenye yake, na baada ya dakika chache kila mtu alikuwa kwenye ya mwenzake. Shangazi alinichukua kwa sababu hakutaka nibaki na mgonjwa.

Mwenyekiti alisoma maelekezo: misongamano ipungue, mazishi yawe ya watu wachache, matanga yasilale. Hapo pakachafuka. Fundi baiskeli mmoja alisema, "Mwenyekiti, soko mmeliacha, kanisa mmeliacha, msikiti mmeuacha. Ugonjwa huu unawatafuta wenye msiba tu?" Mwalimu mmoja mstaafu, mama mtaratibu, akasema yeye hana ugomvi na kufunga wala na kufungua. "Mtuambie ni wangapi wanaumwa. Mtu atajifungiaje ndani kwa kitu asichoambiwa ukubwa wake?" Mwenyekiti akasema idadi si kazi ya mtaa. Mzee mwingine akasema tumwombe Mungu, tujifukize, hofu ndiyo inayoua. Mwalimu akamjibu kwamba Mungu tunamwomba, na mikono tunanawa, lipi limelizuia lingine? Wakashangilia, wakazomea. Wengine walitaka watu wa Dar watafutwe nyumba kwa nyumba.

Mkono wa Shangazi, uliokuwa umeshika wangu, ukawa na jasho. Mimi sikujua ni kwa ajili yangu. Nilidhani ni kwa ajili ya Babu, na nilikuwa na jibu, nimelihifadhi, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuwa anauliza swali la maana. Nikachomoka mkononi mwake.

"Ni yule pale," nilisema. Nilimwonyesha Mama Ndahani kidole. "Ndiye kamletea babu yangu. Kila siku anamwambia utakufa. Alimpa karanga akasema ameweka korona ndani. Nilisikia kwa masikio yangu."

Wachache walicheka, wale wazee. Kicheko kikafa haraka. Siku nyingine mtaa mzima ungegaragara kwa kicheko, lakini siku ile watu walikuwa wamekuja na hofu zao na walikuwa wanatafuta pa kuziweka. Mtu akasema, huyu si alikwenda msibani Dodoma juzi juzi? Mwingine akasema, kweli, karudi na lori. Duara za majivu zilizomzunguka Mama Ndahani zikabaki tupu.

"Mama, ulisafiri?" mwenyekiti aliuliza.

"Nilisafiri."

"Na maneno anayosema mtoto, uliyasema?"

Akanitazama. Halafu akamtazama Shangazi, kwa muda mrefu zaidi. Neno moja tu lingetosha. Angesema "mwulizeni mtoto huyu katoka wapi," tungefungiwa ndani sote, au mimi ningepelekwa kwenye darasa tupu, na Babu asingebaki na wa kumpa maji.

"Niliyasema," Mama Ndahani alijibu. "Mimi ni Mgogo. Ningesema nini kingine?"

Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa. Hakukiinua mpaka tulipofika nyumbani.

Mwenyekiti akaamuru Mama Ndahani akae ndani siku kumi na nne. Zikaisha, na bado sokoni hakuna aliyegusa karanga zake. Watoto walipita mbele ya nyumba yake wamebana pua. Mimi nilikuwa mmoja wao, na pua yangu ilikuwa imepona wakati huo.

Lakini kabla siku zile kumi na nne hazijaisha, Babu alikufa. Walimpeleka hospitali siku ya tatu baada ya mkutano, na hakurudi akiwa hai. Walituruhusu watu wachache. Hapakuwa na matanga, hapakuwa na ngoma wala nyimbo za kwaya, wanaume sita tu na mchungaji aliyesimama mbali. Jeneza likatolewa ndani, likapitishwa kando ya minyaa kwenda kwenye gari. Ndipo sauti ikatoka upande wa pili, kali, imejaa uani kote.

"Mpagazi mvivu wewe! Leo umebebwa!"

Wale wanaume wakasimama na jeneza mabegani. Mmoja wao mabega yakaanza kumtikisika, sikujua analia au anacheka.

"Nani alikuruhusu uende bila kuniaga? Na mchele wangu niliouloweka nimpe nani? Mnyamwezi mchoyo, umekufa makusudi nikiwa nimefungiwa, nisile hata punje!"

Niliokota jiwe, nikalirusha juu ya minyaa kwa nguvu zangu zote. Nikasikia limegonga bati. Shangazi akanichapa kofi ambalo nalihisi mpaka leo, kisha akakikumbatia kichwa changu tumboni kwake. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Yule ni mtani wetu," alisema. "Bila yeye babu yako angezikwa kama mtu asiye na watu. Humsikii anavyolia?"

Nikasikiliza. Ni kweli, alikuwa analia.

Basi utani nikaujua siku ile, kwa kofi. Nikajua nimekosea. Lakini nilidhani kosa langu ni la adabu, la mtoto wa mjini asiyejua mila, na shule zilipofunguliwa nikarudi Dar bila kwenda kumwomba radhi, kwa aibu. Mwaka uliofuata Shangazi alipokuja kututembelea alileta kifurushi kutoka kwa Mama Ndahani. Karanga nzuri, zimeiva vizuri, na pembeni karatasi ndogo imesokotwa, ndani yake kuna chache nyeusi, zimeungua makusudi. "Kasema mpe Mnyamwezi wangu, ataelewa mwenyewe," Shangazi alisema, akageukia mambo mengine upesi.

Sikuelewa. Kila mwaka zilikuja. Nilikuwa kidato cha tatu nilipoelewa, tena nikiwa nimesimama kwenye foleni ya chakula shuleni. Mpishi alikuwa ameunguza maharage, wenzangu wanalalamika harufu, na mimi nikakumbuka moshi ule nisioweza kuunusa. Nikahesabu siku kwa vidole. Basi lililojaa, pipi, pua, bakuli. Sahani ikanitoka mkononi.

Siwezi kujua kwa hakika. Hakuna aliyenipima, hakuna aliyempima, na huko chuoni ninakosomea uuguzi mkufunzi akinisikia atasema huo si ushahidi. Pengine Babu aliupata kwa mwingine. Pengine, kweli, ulitoka Dodoma na lori. Nimejaribu kulala juu ya hiyo "pengine" na hailaliki. Nilipanga kwenda kumwambia Mama Ndahani likizo hii, halafu likizo ile. Ningeanzaje? Nilikuwa naogopa kwamba atanisamehe, akishanisamehe mimi nifanye nini.

Sasa Alhamisi. Alikuwa amekataa kurudishwa Dodoma, alitaka kulala Tabora, akisema matusi aliyoyatoa hapa yanamtosha kuwa mwenyeji. Uani kwake palijaa watu mpaka barabarani, wamebanana bega kwa bega. Mwalimu mstaafu alikuwepo. Fundi baiskeli alikuwepo. Hakuna aliyekumbuka duara za majivu, au labda kila mtu alikumbuka kivyake.

Shangazi alinifunga khanga yake kiunoni, akanipa fimbo ya Babu, akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya minyaa yetu. Jeneza lilipotoka, nikasimama katikati ya njia, fimbo nimeikingamisha.

"Wekeni mzigo chini," nilisema. "Hapa ni Unyanyembe. Mgogo hapiti bure. Walitutoza mpaka maji ya kunywa, leo zamu yetu. Hongo kwanza."

Watu wakacheka, wakasogea kuona. Ndahani, mwanawe mkubwa, alikuwa ameshika mbele. "Unataka nini, mpagazi?"

"Karanga."

Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa karatasi iliyosokotwa. "Aliziacha," alisema. "Alisema utasimama hapa, na utadai hizi."

Niliifungua pale pale. Nyeusi, zote. Harufu ikanipanda mpaka machoni. Nikatia moja mdomoni, nikatafuna, chungu, chungu hasa. Ndahani, ambaye hakujua kitu, akauliza kwa mzaha wa msibani, "Zikoje?"

"Zimeungua," nilisema. Nikaweka mkono juu ya jeneza. "Zimeungua, Mama, nazisikia. Ule ugonjwa niliuleta mimi. Sikutoka Nzega. Nilitoka Dar, nikauleta mimi, na wewe ulijua."

Umati ukaangua kicheko. Mama mmoja akasema, huyu kweli mjukuu wa mzee, hata msibani anajisingizia. Ndahani alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Nikatafuta kwa macho kando ya minyaa. Shangazi peke yake hakucheka.

Nikatoka njiani, wakapita.